Tambo za Mashemeji

Takawiri ni kisiwa kidogo cha Ziwa Victoria, kati ya Rusinga na Mfangano, upande wa Mbita katika kaunti ya Homa Bay. Kina mchanga mweupe na minazi, kiasi cha kumfanya mgeni wa kutoka Mombasa atazame mara mbili. Wenyeji wa visiwa hivi ni Abasuba. Mababu zao walivuka ziwa kutoka upande wa Uganda wakiwa na lugha yao ya Kibantu, wakaoana na Wajaluo kizazi baada ya kizazi, na leo wengi wao huzungumza Kijaluo nyumbani na sokoni. Kwa hiyo mvuvi wa huku anapovaa jezi ya kijani ya klabu ya soka ya Gor Mahia na kuwachamba Waluhya wa AFC Leopards, anawachamba watu ambao lugha yao ni jamaa ya ile aliyozungumza babu yake.

Siku hizi tambo za wanamichezo huhesabiwa kuwa ugonjwa ulioingia na televisheni: bondia kamtukana mwenzake kwenye mizani, straika kamwonyesha beki vidole vitano, msemaji wa klabu kawaita wapinzani vibonde, na wazee wanatikisa vichwa. Ukikaa na historia ya watu wa ziwa utaona kwamba kujigamba mbele ya mpinzani ni desturi ya zamani kuliko mpira wenyewe, tena ilikuwa na taratibu zake.

Wajaluo huiita pakruok. Mpiga nyatiti ameketi kwenye kigoda, nyuzi nane mbele yake, njuga mguuni, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu ikigonga mti wa ala kushika mdundo. Wageni wa matanga au wa karamu wanacheza. Ghafla mmoja anasimama, anatoa pesa, muziki unanyamaza. Uwanja sasa ni wake. Anajitaja kwa majina ya sifa, anawasifu mama yake, shemeji zake, marafiki zake, kijiji chake, ng'ombe wa baba yake. Anajilinganisha na kifaru, na mamba, na gari la serikali. Akimaliza, muziki unaendelea mpaka atokee wa kumjibu, naye pia sharti atoe chake kwanza. Jambo la kuzingatia ni hilo la malipo. Huruhusiwi kujigamba bure. Mtu analipia tambo zake, anazitoa hadharani, anakaa chini, na mwenzake anapewa nafasi sawa. Halafu sehemu kubwa ya maneno inakwenda kwenye kujikweza na kuwakweza wako. Mpinzani hupata vijembe vya pembeni tu. Ninavyoona mimi, hii ni sheria bora ya tambo kuliko kanuni yoyote iliyoandikwa na shirikisho la soka.

Kutoka Mbita ukienda bara kuelekea Ndhiwa unafika Kanyamwa. Huko ndiko alikoishi Gor wa Ogada, mjukuu wa Ogalo, mganga na kiongozi ambaye jina lake lilienea Nyanza yote mwanzoni mwa ukoloni. Ilisimuliwa kwamba aliweza kujigeuza umbo mbele ya macho ya watu, leo mzee, kesho mnyama, na ndiyo sababu akaitwa Mahia, mtenda maajabu. Wakati huo Homa Bay na Migori hazikuwa kaunti mbili. Lilikuwa eneo moja, Kavirondo Kusini ya serikali ya kikoloni, na sifa za Gor hazikujua mpaka. Mtu wa namna hiyo ukimfanya jina la timu, tambo zinakuwa zimekwisha kuanza kabla ya mpira kupigwa.

Klabu ya Gor Mahia iliundwa Februari 1968 kwa kuunganisha nguvu za timu za Wajaluo zilizokuwa zikigawana mashabiki, na miongoni mwa wakubwa waliolisukuma jambo hilo alikuwa Tom Mboya, mtoto wa Rusinga, kisiwa ambacho mtu wa Takawiri anakiona akiwa ufuoni kwake. Mwaka huohuo wa kwanza Gor ikatwaa ubingwa wa ligi ya Kenya. Mboya hakuishi kuona mengi ya baadaye: aliuawa kwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Sanamu yake sasa iko Moi Avenue, hatua chache kutoka pale alipoangukia.

Upande wa pili walikuwepo tayari Abaluhya, klabu iliyoundwa 1964, ambayo baadaye ikaitwa AFC Leopards na ambayo mashabiki wake huiita Ingwe, yaani chui. Hapo ndipo mambo yalipokolea. Wajaluo na Waluhya ni majirani wa magharibi mwa Kenya. Wamepakana, wamenunuliana ng'ombe, na zaidi ya yote wameoana. Pambano la timu hizi mbili likapata jina la Debi ya Mashemeji. Kila Mwafrika Mashariki anaijua tofauti: mkwe unamwinamia, shemeji unamtania. Isingewezekana kuwa Debi ya Wakwe. Uwanja mzima ungenyamaza kwa adabu.

Utani wenyewe ulikuwa wa chakula na wa ngoma. Ingwe walikuja na isukuti, ngoma za Waisukha na Waidakho ambazo mwaka 2014 UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Waliwaambia wenzao wa ziwani kwamba wananuka samaki. Jeshi la kijani likajibu kwamba Mluhya akiona kuku hukumbuka kwamba ana njaa, hata kama ametoka mezani. Kosa la refa likawa hoja ya ndoa: dada yetu mliomwoa mrudisheni. Anayesikia hayo kutoka mbali atadhani ni ukabila mtupu. Mwenye shemeji anajua ni kinyume chake, kwa kuwa maneno ya namna hiyo huwezi kumwambia mtu usiyemjua.

Wachezaji wenyewe walikuwa na tambo za aina nyingine. Walizibeba katika majina ya sifa waliyopewa na jukwaa, kama vile mtu aliyesimamisha nyatiti. Joe Kadenge wa Abaluhya hakuhitaji kujisifu kwa kuwa redio ilimsifia. Sauti ya mtangazaji ikirudia 'Kadenge na mpira' iliingia katika Kiswahili cha Kenya na haijatoka. Gor walikuwa na William Ouma aliyeitwa Chege, na baadaye beki Bobby Ogolla aliyepewa jina la 'Six Million Dollar Man', kutoka mchezo wa televisheni wa Marekani, kwa jinsi alivyogongwa na kuinuka kana kwamba ana vyuma mwilini. Peter Dawo aliitwa Omuga, kifaru. Ingwe wakajibu na Wilberforce Mulamba aliyeitwa Maradona, na mlinda lango Mahmoud Abbas wa Mombasa aliyeitwa Kenya One. Walikuwa pia na Joe Masiga, mshambuliaji ambaye alikuwa daktari wa meno na mchezaji wa raga. Hebu fikiria vijembe alivyovipata mtu ambaye angeweza kukung'oa jino Ijumaa na kukufunga bao Jumapili.

Tambo hizi zilikuwa na ushahidi wa kuonyesha. Gor ilitwaa ligi ya 1976 bila kufungwa hata mechi moja. Mwaka 1979 ilifika fainali ya Kombe la Washindi Afrika, na huko Canon Yaoundé ya Kamerun ikaichapa mabao 8 kwa 0 kwa jumla ya mechi mbili. Hapo Ingwe wakapata mtaji wa kejeli wa miaka. Kombe la klabu la Afrika Mashariki na Kati likawa kama la kupokezana: Abaluhya 1979, Gor 1980 na 1981, AFC Leopards 1982, 1983 na 1984, Gor tena 1985. Fainali mbili za mwisho zilikuwa za mashemeji wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1984 Ingwe walishinda 2-1. Mwaka uliofuata, Sudan, Gor wakalipiza 2-0. Miaka saba mfululizo kombe la ukanda mzima halikutoka katika nyumba mbili.

Serikali iliingilia kati mapema katika miaka ya 1980. Amri ilitoka kwamba vyama na klabu ziache majina ya makabila. Abaluhya ikabaki na herufi zake, AFC, na kumvaa chui. Luo Union, iliyokuwa imetwaa kombe la ukanda 1976 na 1977, ikawa Re-Union. Na Gor Mahia kwa muda ikaandikwa Gulf Olympic Rangers, jina lililotungwa ili herufi zake za mwanzo zisome palepale GOR. Nalihesabu jina hilo kuwa kijembe bora zaidi katika historia ya kandanda ya Kenya, na kilirushwa kwa serikali.

Jambo moja amri hiyo haikuliona. Wachezaji waliochambana Jumapili walikuwa wakivaa jezi moja ya taifa, na timu hiyo ya Harambee Stars ilitwaa Kombe la Chalenji mara tatu mfululizo, 1981, 1982 na 1983. Ogolla na Masiga, Mulamba na Abbas, walikaa basi moja. Beki aliyekutishia Nairobi ndiye aliyekuwa akikulinda Kampala.

Kwa mizani ya pakruok nampima Muhammad Ali, ambaye dunia humtaja kwanza kila yanapozungumzwa maneno ya ulingoni. Kabla ya kumpiga George Foreman huko Kinshasa, Oktoba 1974, Ali aliugeuza mji mzima kuwa jukwaa lake la sifa, akajigamba kwa mashairi, na hakuna aliyeumia. Mwaka uliofuata, kabla ya pambano la Manila, alimwita Joe Frazier sokwe. Frazier alikuwa amemsaidia kwa fedha alipofungiwa kupigana. Neno lile likakaa kifuani mwa Frazier kwa miongo. Ali aliomba radhi hadharani mwaka 2001. Kinshasa alikuwa akijikweza mwenyewe. Manila alimshusha mtu utu wake, tena rafiki, mbele ya watu waliozoea kulisikia tusi hilo kwa ubaya. Mzee wa nyatiti angempokea Ali wa kwanza na kumnyamazisha wa pili.

Nyumbani, kilele cha upande wa kijani kilikuja 1987. Fainali ya Kombe la Washindi Afrika iliwakutanisha Gor na Espérance ya Tunis. Tunis walitoka 2-2. Marudiano yalichezwa tarehe 5 Desemba katika uwanja mpya wa Kasarani, uliofunguliwa mwaka huohuo kwa ajili ya Michezo ya Afrika Nzima, na yakaisha 1-1. Gor ikashinda kwa mabao ya ugenini. Nahodha Austin Oduor, aliyeitwa Makamu, aliinua kombe. Dawo alikuwa amefunga mabao 10 katika mashindano hayo. Hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyowahi kutwaa taji la Afrika, na tangu siku hiyo shabiki wa Ingwe akianza kuhesabu makombe ya ukanda hujibiwa kwa mwaka mmoja tu: themanini na saba.

Kisha ukame. Gor ilitwaa ligi 1995 na ikakaa miaka 18 bila kuigusa tena. AFC ilichukua ubingwa 1998. Klabu zilizowahi kujaza viwanja zilihangaika kulipa mishahara, viongozi wakagombana mahakamani, timu za kampuni zikatwaa ligi. Uwanjani palipoisha mpira, jukwaani yalibaki maneno peke yake, na maneno yasiyo na mpira nyuma yake huchacha. Kijana aliyezaliwa baada ya 1987 alirithi kejeli bila kurithi yale mabao wala zile harusi.

Tarehe 23 Oktoba 2010 mashemeji walikutana katika uwanja wa Nyayo, Nairobi. Watu walisongamana langoni wakigombea kuingia, wakakanyagana, na saba wakafa. Wapo waliosema huo ndio mwisho wa utani wa Gor na Ingwe. Sikubaliani nao. Hakuna aliyeuawa na kijembe siku ile. Waliokufa waliuawa na lango, na wale waliouza tiketi bila kupanga namna ya kuwaingiza watu. Ila katika debi ya tarehe 18 Machi 2012 hakukuwa na lango la kulaumu. Mchezaji wa Gor alipewa kadi nyekundu, mawe na viti vikaanza kuruka, mechi ikasimama karibu nusu saa, na Gor ikafungiwa viwanja vya taifa. Shabiki aliyeng'oa kiti hakuwa amelipia tambo yoyote. Alitaka aseme yeye peke yake na mwingine asijibu.

Ajabu ni kwamba matokeo mazuri yalituliza mengi. Gor ilivunja ukame wake 2013, na 2015 ikatwaa ligi bila kupoteza mechi, kama ilivyofanya 1976. Juni 2017 mashemeji walikutana katika fainali ya SportPesa Super Cup huko Dar es Salaam. Gor ikashinda 3-0, na mwezi uliofuata ikacheza na Everton mjini humohumo. Wayne Rooney alifunga, Jacques Tuyisenge akasawazisha, Everton ikaongeza moja na kushinda 2-1. Kwa dakika zile za sare kila jezi ya kijani ilijiona imeifunga Uingereza.

Dar es Salaam nayo ina somo lake. Watu wa Simba na Yanga hujiita watani wa jadi, na wamewahi kuajiri wasemaji ambao kazi yao ni tambo. Anayejulikana zaidi ni Haji Manara, aliyeisemea Simba kisha mwaka 2021 akahamia Yanga na kuwachamba aliowasifu jana. Watu walicheka, maana hata kuhama kwake kulikuwa utani. Lakini Julai 2022 shirikisho la soka la Tanzania lilimfungia miaka miwili na kumtoza faini ya shilingi milioni 20 kwa maneno dhidi ya rais wake. Mtani unamsema mtani. Rais wa shirikisho si mtani wa mtu, au angalau yeye hakujiona hivyo. Na kuhusu mpira wenyewe Gor wana neno lao hata Msimbazi, makao ya Simba: James Siang'a, aliyelinda lango la Gor na la Kenya, ndiye aliyekuwa kocha wa Simba mwaka 2003 ilipowatoa Zamalek, mabingwa watetezi wa Afrika, kwa penalti jijini Cairo.

Kisha akaja Karim Mandonga, bondia wa Tanzania ambaye ameifanya tambo kuwa taaluma kamili. Julai 2022 alipigwa na Shaban Kaoneka huko Songea, na badala ya kupotea akazidi kupendwa. Januari 2023 alikuja Nairobi kupigana na Mkenya Daniel Wanyonyi, akatangaza kwamba amekuja na ngumi mpya iitwayo Sugunyo. Wakenya walimcheka wiki nzima. Wanyonyi akashindwa kuendelea na pambano, Sugunyo ikaingia katika mazungumzo ya mtaani, na Mandonga akawa kipenzi cha watu aliokuja kuwadhalilisha. Julai mwaka huo walirudiana na Wanyonyi akashinda kwa pointi. Mandonga analipia, ndiyo maana anapendwa. Tambo zake zote zinamhusu yeye mwenyewe, na anapopigwa, anapigwa mbele ya macho yetu, kwa deni alilojiandikia kwa mdomo wake.

Nirudi kwa mashemeji, maana wao hawakuishia Nyayo. Noah Wanyama alikuwa winga wa AFC Leopards katika miaka ya 1980. Mwanawe Victor akafika Tottenham. Austin Oduor, yule nahodha wa 1987, ana ndugu aitwaye Mike Okoth Origi, mshambuliaji wa Harambee Stars aliyekwenda Ubelgiji na kutwaa ubingwa na Genk mwaka 1999. Mwanawe Mike ni Divock. Tarehe 1 Juni 2019, Madrid, Liverpool na Tottenham zilicheza fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya. Victor Wanyama, damu ya Ingwe, alikuwa benchi na hakuingia. Divock Origi, damu ya Gor, aliingia na dakika ya 87 akafunga bao la pili la Liverpool. Ikaisha 2-0, matokeo yaleyale ya Sudan 1985.

Gor Mahia ilitwaa taji lake la 21 la ligi mwaka 2024, na kufikia siku hiyo AFC Leopards ilikuwa haijalitwaa tangu 1998. Msomaji wa Ingwe, nimekwisha kulipia na nimekaa chini. Zamu yako.